Kisima cha Baba na Vitanda vya Mtaa wa Juu

Jumatatu, 6 Oktoba 1975

Ndoo ya tatu leo imetoka na tope, na juu ya tope chura mmoja amekaa akinitazama kana kwamba nimemkosea. Kisima kinazeeka. Hili naliandika hapa kwa sababu mbele za watu silisemi. Mbele za watu nasema kinapumzika.

Jioni Gaspari, katibu wa kijiji, kagonga kengele akatangaza. Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe kumi na saba, Bwana Maji anakuja kutoka wilayani kupima visima vyetu viwili. Kitakachokutwa na maji mengi zaidi kitafungwa pampu ya mkono, bure, mali ya serikali. Kingine kitafukiwa kwa mawe, watoto wasije wakatumbukia.

Visima vyenyewe ndivyo hivi. Kimoja kiko juu ya barabara, cha Mtaa wa Juu, na mlinzi wake ni mimi, Kefa. Cha pili kiko chini ya barabara, cha Mtaa wa Chini, hatua thelathini tu kutoka hiki. Mlinzi wake ni Simeoni, kaka wa mke wangu. Chetu alikichimba baba yangu. Chao alikichimba baba yake Simeoni, baada ya wazee hao wawili kugombana kwa sababu ya kamba. Kamba moja! Mpaka leo hajajulikana aliyeikata.

Kisima kikifukiwa, ulinzi umekwisha. Asiye na kazi ya ulinzi analima shamba la kijiji siku tatu kwa wiki. Sijashika jembe tangu tuhamie kijijini mwaka jana, na mgongo wangu hauna hamu nalo. Lakini si mgongo tu. Kazi ya mikono ya marehemu baba kutupiwa mawe! Nimekosa hata hamu ya ugali.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepata! Nimepata nikiwa nanawa uso!

Mwaka wa sabini na mbili nilikuwa msaidizi wa mpishi katika kambi ya watu waliotafuta mafuta huko pwani. Kazi yangu ilikuwa kuosha masufuria, lakini masikio yalikuwa huru. Mhandisi mmoja alikuwa akimsimulia dereva, na dereva akitutafsiria. Kwamba nchi za mbali kuna visima vya mafuta na gesi vilivyozeeka. Watu hudhani vimekufa. Kumbe vimemaliza tu kilichokuwa karibu navyo, na pembeni mali bado imejaa. Wenye akili hawachimbi kisima kipya. Wanashuka katika kile kile cha zamani, wanageuza keekee, chombo cha kutobolea, wanatoboa ubavuni kwenda mbali, na mafuta yanakuja yenyewe. Mhandisi alichora kwa kijiko kwenye sahani ya maharage. Sahani ile niliiosha mimi. Mtu akiniuliza nilisomea wapi ufundi huu, nitamjibu ni hapo.

Mafuta na maji ni ndugu. Yote yanakaa chini ya ardhi na yote yanabebwa kwa debe. Magharibi ya kisima chetu kuna mbuga, na udongo wake una unyevu hata mwezi huu wa Oktoba. Kutoka kisimani hadi pale ni hatua arobaini. Basi tutatoboa ubavu wa magharibi! Nimechora ramani nzuri sana kwenye daftari la hesabu la binti yetu Luciana.

Mke wangu Rahabu kaiangalia akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimemwambia mimi siingii popote. Mimi ni mhandisi, nakaa juu.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimekwenda kwa Filipo mhunzi. Kichwa cha keekee anaweza kukifua, chenye meno na mzunguko, kwa chuma chote cha jembe bovu moja. Tatizo ni mpini. Kisima ni chembamba, kwa hiyo mpini lazima uwe vipande vifupi vya chuma, kila kimoja urefu wa mkono, vikiungwa kimoja nyuma ya kingine kwa pini. Kakadiria vipande hamsini. Chuma cha vipande hamsini kiko wapi katika kijiji hiki? Filipo kasema hajui, na akarudi kwenye mivukuto yake.

Nikarudi nyumbani, nikakaa kitandani kufikiri. Kitanda kikalia.

Chuma!

Kitanda hiki Rahabu alinunuliwa na baba yake siku ya harusi yetu. Cha kijani, cha Singida mjini. Nilimwambia kwa upole kwamba ni azimo la siku tisa tu, kwa ajili ya maendeleo. Hakupiga kelele. Alicheka, akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, ila kuanzia leo hata mvungu wenyewe hatutakuwa nao. Nimechukua hiyo kama ruhusa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kitanda chetu kimetoa vipande kumi na moja. Havitoshi.

Nimeitisha mkutano wa Mtaa wa Juu. Nilisimama juu ya jiwe na kuwauliza kama wanataka kuona mama zao wakivuka barabara kuomba maji kwa Simeoni. Wakasema hapana! Nikauliza kama wanajua maana ya kujitegemea. Wakasema ndiyo! Basi, nikasema, leteni vitanda.

Hapo kila mmoja akamtazama jirani yake. Lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukataa, na kabla jua halijazama vitanda vyote vya chuma vya mtaa wetu vilikuwa kwa Filipo. Vinne, na cha kwetu cha tano. Na fremu ya baiskeli ya mwalimu. Mtaa mzima sasa unalala chini. Watoto wanafurahi sana. Kuna baba mmoja alinipita jioni akijishika kiuno, akanijibu salamu nusu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Siku kubwa! Nimemleta Mzee Mughwai.

Mzee Mughwai ndiye aliyemsaidia baba kuchimba kisima hiki. Ana miaka zaidi ya sabini na mikono ya kijana. Nilimpa shikamoo mara mbili, ya pili kwa kuongeza adabu, kisha nikamwonyesha ramani. Aliitazama upande wa nyuma. Nikamweleza tunatoboa kwenda magharibi. Akaniambia aliijua magharibi kabla baba yangu hajaota meno.

Ana utaratibu wake, na huo utaratibu nimeuandika hapa kwa ajili ya vizazi. Kwanza, hashuki ila saa sita mchana kamili, jua likiwa utosini na mwanga ukifika chini. Pili, anaingia ndani ya nyumba ya mwenye kisima, anasimama mlangoni akiipa mgongo nyumba, kisha anatoka kwenda kisimani bila kugeuza shingo. Anakaa kwenye ubao wenye kamba mbili, uso mbele vile vile, na anashushwa bila kuzungushwa. Chini, kilicho mbele ya pua yake ndiyo magharibi. Ndivyo walivyofanya wazee wote, maana mlango wa nyumba hutazama jua linakozama. Tangu babu na babu.

Basi akaingia kwangu, akatoka mlangoni, akashushwa. Hakugeuka hata kidogo! Huo ndio ufundi.

Rahabu alitaka kusema jambo kuhusu mlango. Nikamwambia mambo ya milango tutazungumza usiku.

Vijana wawili walishuka baada yake kwa zamu kumsaidia kuzungusha keekee. Rahabu kapika pombe ya mtama, kama ilivyo desturi ya kazi ya pamoja, na kwa hiyo waliojitolea waliongezeka. Kufikia jioni vipande saba vimeingia ubavuni. Kimojawapo cha kijani. Nilijisikia fahari.

Jumapili, 12 Oktoba

Mapumziko. Simeoni kanisalimia baada ya ibada, kwa ule upole wake unaoniudhi. Kauliza shemeji, mnachimba nini kule? Nikasema tunasafisha. Akasema hata yeye kisima chake kinakauka, naye kesho kutwa atashuka kuzoa matope, wala hajui kama kitafaa mbele ya Bwana Maji. Nikamwambia pole. Moyoni nilikuwa nacheza.

Jumatatu, 13 Oktoba

MAJI!

Kipande cha ishirini. Keekee ililia chini kwa sauti nyingine, na Mzee Mughwai akapaza sauti kwamba amekuta changarawe. Changarawe mbichi! Mara maji yakaanza kurudi kupitia pembeni mwa chuma, membamba kama kidole, ya baridi, safi. Tulipandisha debe moja. Tukanywa wote. Wanawake walipiga vigelegele mpaka Gaspari akaja mbio akidhani kuna harusi ambayo hakualikwa. Rahabu alinimwagia maji kichwani na kuniita fundi. Miaka kumi na minne ya ndoa, mara ya kwanza!

Baba, kama unasikia huko uliko, kisima chako kinapumua.

Mzee Mughwai akasema imetosha, tuchomoe vyuma, watu wapate vitanda vyao, tundu liachwe litiririke. Mpaka Ijumaa kisima kitakuwa kimejaa hadi kifuani. Rahabu naye akasema imetosha. Wote wakasema imetosha.

Nikawauliza hivi wale wahandisi wa mafuta wangeridhika na kidole kimoja? Tuko nusu ya njia! Kama changarawe tu inatoa hivi, mbuga yenyewe itatoaje? Mzee akaniangalia sana. Akasema mwenye kisima ni wewe.

Tunaendelea kesho.

Jumanne, 14 Oktoba

Nitaeleza kwa utaratibu.

Saa nane mchana vipande thelathini na tano vilikuwa ndani. Mzee Mughwai akasema chuma ni kizito mno sasa, kinainama chenyewe, anahisi keekee inaelekea chini. Nikasema vizuri, maji hukaa chini. Kipande cha thelathini na saba, mzee akasema chuma kimekuwa chepesi ghafla, ni kama anasukuma hewa. Nikasema hiyo ndiyo mbuga!

Kisha chuma kikavutwa.

Kikavutwa kutoka mikononi mwao! Kijana aliyekuwa chini alipanda kamba bila kusubiri ubao. Mzee Mughwai alipandishwa akiwa mtulivu, akasema kuna kitu huko upande wa pili, na kina nguvu, na kinavuta kwa mpango. Kipande kwa kipande. Watu wakaanza kurudi nyuma. Mimi nikawaambia ni nguvu ya mkondo, jambo la kawaida katika fani yetu.

Hapo tukasikia kelele ng'ambo ya barabara. Tukavuka wote mbio.

Simeoni alikuwa chini ya kisima chake anazoa matope, maji yamemfika kiunoni na yanapanda. Kwenye ukuta wa kisima, upande wa barabara, kulikuwa na tundu, na kutoka kwenye tundu lile maji yalikuwa yanamwagika unene wa paja. Naye alikuwa ameshika mpini wa keekee yangu anauvuta, anachomoa pini, anapandisha kipande kimoja kimoja kwa ndoo. Alieleza baadaye. Aliona pua ya chuma ikitokeza ukutani, akadhani ni nyoka, akaipiga kwa sururu. Haikufa. Akaikamata. Kipande cha kwanza kikatoka, cha pili, cha tatu, na cha nne kilikuwa cha kijani. Akakijua. Ni kitanda alichokwenda kukinunua mjini na baba yake, akakibeba kichwani kutoka kwenye lori.

Aliniuliza kutoka chini, bila hasira yoyote, shemeji, nyumbani kuna amani?

Nilipovuka kurudi, nilichungulia kisima chetu. Maji yote ya jana yalikuwa yamekwenda kwake. Kimekauka.

Jumatano, 15 Oktoba

Uchunguzi umefanyika. Mtaa wa Juu wote ulihudhuria, wengi wakiwa wamejishika viuno.

Rahabu ndiye aliyesimama. Akasema tangu Jumamosi alitaka kueleza jambo dogo la mlango. Nyumba ya zamani ya baba mkwe, ile tuliyoibomoa, mlango wake ulitazama magharibi, kweli. Lakini tulipohamia kijijini, mpima ardhi alikuja na vigingi na kamba, nyumba zote zikapangwa mstari, na milango yote ikaamriwa itazame barabara. Barabara iko kusini. Na kusini kuna kisima cha Simeoni.

Watu kumi na nane wakageuka kuangalia mlango wangu. Mimi pia niligeuka. Kweli, jua la jioni lilikuwa linapiga ukutani, si mlangoni. Ningeapa mbele ya hakimu kwamba mlango wangu ni wa magharibi. Kwenye ramani nimeuchora hivyo!

Mzee Mughwai hakukubali kosa. Kasema magharibi iko pale pale ilipowekwa na Mungu, na yeye alitoka mlangoni sawasawa. Nyumba ndizo zilizogeuzwa. Hakuna aliyembishia, kwa sababu ya umri wake, na kwa sababu ni kweli.

Basi mkosaji amejulikana. Ni mpima ardhi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Bwana Maji kafika na Landrova, viatu vizito na kamba yenye alama. Kashusha kamba kwa Simeoni. Mita mbili na nusu za maji, na yanaongezeka! Kasema hajaona kisima cha namna hiyo tangu aanze kuzunguka wilaya hii mwezi wa saba. Kashusha kwetu. Jiwe la kamba likagonga chini, ko! Kila mtu alisikia.

Nilijaribu. Nilimweleza kwamba kitaalamu visima hivi sasa ni kimoja chenye midomo miwili, na kwamba mlinzi wa mdomo wa juu ana haki sawa na wa chini. Kanisikiliza vizuri. Akaandika pampu kwa Simeoni.

Kisha Gaspari akauliza kama mawe ya kufukia kisima chetu yaletwe. Yalikuwa yamekwisha kurundikwa. Nilishindwa kuyaangalia. Niligeukia ukuta wa nyumba yangu, upande wa magharibi wa kweli, nikamkumbuka baba akitoka kisimani ameloa udongo, anacheka. Nilimwona hasa.

Hapo Simeoni akaomba kusema. Kasema maji yale si yake. Yametoka ubavuni mwa kisima cha Mtaa wa Juu, kwa tundu alilolibuni shemeji yake Kefa kwa akili zake mwenyewe, na kwa vitanda vya watu. Bwana Maji akatembea kutoka kisima hiki hadi kile, akihesabu. Akarudi akasema kisima cha juu kisiguswe. Mawe yakitupwa mle yatabana njia ya maji, na pampu itakunywa hewa. Kifunikwe kwa mbao, na kitunzwe.

Kitunzwe! Nililia mbele ya watu wote, nikasingizia vumbi la Landrova. Jioni mitaa yote miwili ilikunywa pombe pamoja, kwa mara ya kwanza tangu ile kamba. Simeoni alicheza vibaya sana. Nilicheza naye. Rahabu kasema sisi wawili, lau tungezaliwa na mama mmoja, angetukimbia.

Jumamosi, 18 Oktoba

Jembe.

Kisima kilichofunikwa kwa mbao hakihitaji mlinzi. Gaspari kanisomea jina langu kwenye orodha ya shamba la kijiji, kwa sauti iliyo kubwa kuliko ilivyohitajika. Nimewekwa mstari mmoja na Rahabu. Alinipita mara tatu akiimba. Mara ya nne alinisubiri, tukamaliza pamoja, akanipa maji kutoka kibuyuni mwake, ya pampu mpya. Matamu mno. Sitamwambia Simeoni.

Filipo karudisha vitanda. Vipande vilichanganyika, naye alikuwa na haraka. Chetu sasa kina miguu miwili ya kijani, mmoja wa buluu na mmoja wa baiskeli ya mwalimu. Mgongo unauma kila mahali lakini nalala juu.

Jumanne, 21 Oktoba

Barua! Kaileta utingo wa lori, kanikabidhi mkononi, mbele ya Gaspari!

Inatoka Shelui, kwa Bwana Antipasi, mwenye hoteli pale lori zinaposimama. Simeoni alimsimulia dereva mmoja, dereva akasimulia hotelini, na sasa Shelui nzima inajua kwamba kuna mhandisi huku anayefufua visima kwa kuvitoboa ubavuni. Kisima cha hoteli kinakufa. Bwana Antipasi ananiomba nije haraka kabla hakijakauka, na anauliza kama nitapenda kwanza kuja siku moja tu kuangalia mahali penyewe, ili nisikosee upande.

Kuangalia! Watu hawajui fani yetu. Nimemjibu papo hapo kwamba aanze kukusanya vitanda. Ramani nimeshaichora hapa kitandani, pamoja na hoteli, barabara na kila nyumba. Nilipita Shelui mwaka wa sitini na sita na ninaikumbuka vizuri sana, na mji si mbuzi, hauhamishwi.

Rahabu ameisoma ramani kwa muda mrefu, kisha akaanza kucheka, na mpaka sasa ninapoandika bado hajanyamaza.